Gavana Akibanwa na Serikali Kuu: Achape Karatasi Zake kama Argentina au Afunge Bomba kama Alberta?

Huku kwetu Pwani baraza la kahawa ndiyo bunge, na juzi bunge lilikaribia kuvunjika kwa sababu ya mgao wa kaunti. Ilianza taratibu tu, jamaa mmoja analalamika mkewe ni nesi wa kaunti na mshahara wa mwezi uliopita hadi leo haujaingia, mimi nikatia langu nikasema nina bili ya karatasi za printa na wino niliyopelekea kaunti fulani (jina nalikalia) tangu mwaka juzi, kila nikienda kwa mhasibu naambiwa "Nairobi haijaachilia pesa". Basi ami mmoja, baharia mstaafu, akaweka kikombe chini, akatoa pochi, na kwenye pochi akachomoa karatasi moja imekunjwakunjwa hadi mikunjo imeanza kutoboka, ukiitizama haraka utaapa ni noti ya benki. Ni Patacón, karatasi ya mkoa wa Buenos Aires kule Argentina. Anasema meli yao ilikaa bandarini Buenos Aires siku kadhaa mwisho wa 2001, alinunua mkate na soda akarudishiwa hiyo kama chenji, na mpaka leo hajui kama aliibiwa ama vipi.

"Magavana wetu waoga," akasema. "Wenzao walipokatiwa pesa walichapa zao, wakalipa walimu."

Mzee mwengine, ambaye binti yake ameolewa Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta kule Kanada, akacheka mpaka kashata ikamkwama. "Kuchapa karatasi ni kazi ya mtu aliyeishiwa, ami. Mwenye mali hufunga bomba. Alberta walifunga bomba na Ottawa, serikali kuu yao, ikaja mezani yenyewe."

Walibishana hadi adhana. Mimi nikarudi nyumbani nikazichimba hizo kesi mbili, maana huu ubishi si wa wazee peke yao, kila mwaka bajeti ikisomwa mtu anataka gavana wake "akaze", na hakuna anayesema akaze vipi, kwa silaha gani, na nani ataumia wakati wanakazana. Kwa hiyo haya ndiyo niliyoyapata, niwawekee sambamba, halafu mwenye kuchagua achague.

Pesa inaingia mfuko wa nani kwanza

Hili ndilo swali ambalo pale barazani hakuna aliyeuliza, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Argentina ina mikoa 23 na jiji la Buenos Aires lenye mamlaka yake. Kodi kubwakubwa, VAT, kodi ya mapato, zinakusanywa na serikali kuu halafu zinagawanywa kwa mfumo wanaouita coparticipación. Sheria yake ni ya 1988, na cha kuchekesha ni kwamba ilipitishwa kama sheria ya muda tu, ya kusogeza siku. Katiba ya 1994 ikaagiza sheria mpya ipatikane kabla 1996 haijaisha. Haijapatikana hadi leo. Yaani hesabu ya nani apate ngapi imebaki ileile ya zamani, na pembeni yake kuna vifuko vya hiari ambavyo rais anaweza kumpa gavana anayempenda na kumnyima asiyempenda. Mikoa mingi, hasa ya kaskazini, bila huo mgao haiwezi kulipa mishahara hata ya mwezi mmoja.

Alberta ni hadithi nyingine kabisa. Tangu 1930 Ottawa iliwapa umiliki wa ardhi na madini yao, kwa hiyo mafuta yakichimbwa mrabaha unaenda moja kwa moja Edmonton, haupiti kwa mtu. Juu ya hiyo wana kodi zao wenyewe. Mwaka 1976 waziri mkuu wao wa jimbo, Peter Lougheed (kule kiongozi wa jimbo huitwa waziri mkuu, si gavana), akaanzisha mfuko wa akiba wa pesa za mafuta, Heritage Fund. Huyu mtu akigombana na serikali kuu haendi kuomba alishwe, anakwenda kuzuia mkono wa mtu usiingie kwenye sahani yake.

Sasa sisi Kenya tuko upande gani? Usinijibu haraka. Kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha, zote za serikali kuu, kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, ya burudani, na ada, leseni za biashara, parking, soko. Katiba inasema mgao usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Ile 2024 baada ya mswada wa fedha kutupwa kwa sababu ya vijana barabarani, kaunti zilikuwa zimeshaahidiwa bilioni 400.1, Hazina ikataka irudishe hadi 380, Seneti ikakataa, wakavutana miezi, mwisho wakagawana tofauti wakaangukia 387.4. Hiyo ni Argentina hiyo. Bila bomba la mafuta.

Njia ya karatasi: Argentina 2001

Tangu 1991 peso moja ilikuwa sawa na dola moja kwa sheria, kwa hiyo serikali haikuweza kuchapa pesa ovyo hata kama inataka. Ilikuwa raha mwanzoni, mfumuko wa bei ulikufa. Lakini uchumi ulipoanza kudorora 1998, kodi zikapungua, madeni yakapanda, na mlango wa kutokea haukuwepo.

Novemba 2000 Rais Fernando de la Rúa alikuwa amewaahidi magavana kiwango maalumu, peso milioni 1,364 kila mwezi, kodi ziingie zisiingie. Ahadi tamu. Katikati ya 2001 haikulipika. Waziri wa uchumi Domingo Cavallo akaja na sera ya "nakisi sifuri", tutatumia kile kilichoingia tu, na Julai mishahara ya serikali na pensheni vikakatwa asilimia 13. Magavana wakaangalia kalenda, mwezi unaisha, walimu na polisi wanadai, sanduku tupu.

Mkoa wa Buenos Aires, mkubwa kuliko yote, gavana wake Carlos Ruckauf, ndio ukatoa Patacón mwezi Agosti. Kisheria haikuwa pesa, ilikuwa hati ya deni ya mkoa yenye riba ya asilimia 7 kwa mwaka, ila imechapwa kwa umbo la noti, ya 1, ya 5, ya 20, unaitia mfukoni unaenda nayo dukani. Wafanyakazi wa mkoa wakawa wanalipwa sehemu peso sehemu Patacón. Na mikoa mingine ikafuata kila mmoja na jina lake, Córdoba wakaita Lecor, Chaco wakaita Quebracho, Entre Ríos wakaita Federal, Corrientes wakaita Cecacor. Halafu serikali kuu yenyewe, ile iliyokuwa ikihubiri nidhamu, ikatoa yake inaitwa Lecop ili iwalipe magavana mgao wao kwa karatasi. Novemba magavana wakakubali kile kiwango cha kila mwezi kikatwe asilimia 13 na sehemu kilipwe kwa hizo Lecop. Sasa fikiria, umekopa kwa jirani, umeshindwa kumlipa, unamwandikia cheti, na yeye anakichukua anaenda nacho kwa muuza samaki.

Je karatasi zilikubalika? Zilikubalika, na hapa ndipo ami baharia ana hoja. Patacón ilishika kwa sababu mkoa ulikubali kuipokea kwenye kodi zake. Mwenye duka alijua akipewa Patacón 50 ana mahali pa kuzipeleka. Hata McDonald's waliuza mlo wakauita Patacombo, kwa Patacón 5. Lakini kadiri ulivyoenda mbali na mkoa uliotoa karatasi ndivyo thamani ilivyoshuka, na karatasi za mikoa midogo zilikatwa sana zikitaka kubadilishwa na peso. Mwalimu anayelipwa kwa karatasi ya mkoa maskini alikuwa ameshakatwa mshahara, ila kimya kimya.

Na haikumuokoa mtu kisiasa. Tarehe 1 Desemba 2001 watu wakafungiwa benki, ruhusa ni kutoa peso 250 kwa wiki, ndiyo ile corralito. Sufuria zikapigwa barabarani, maduka yakavunjwa, watu kadhaa wakauawa, na tarehe 20 de la Rúa akajiuzulu akaondoka ikulu kwa helikopta.

Halafu hebu ona magavana walivyofanya baada ya hapo, maana watu husimulia helikopta wanasahau sehemu hii. Bunge likamchagua Adolfo Rodríguez Saá, gavana wa San Luis, awe rais. Akatangaza nchi haitalipa madeni ya nje, akapigiwa makofi, akasema atatoa sarafu ya tatu iitwe argentino. Tarehe 30 akawaita magavana wenzake kwenye nyumba ya rais ya pwani, Chapadmalal. Wakaja wachache tu, ukumbi mtupu. Jioni hiyohiyo akajiuzulu. Wiki moja. Rais aliyetoka kwenye meza ya magavana akaangushwa na meza ya magavana kwa kutokwenda mkutano tu, hawakuhitaji hata kura. Januari 2002 akaingia Eduardo Duhalde, naye gavana wa zamani wa Buenos Aires, akavunja ile peso-sawa-na-dola, na karatasi za mikoa zikaja kununuliwa na serikali kuu kuanzia 2003, kwa pesa halali. Hiyo ina maana gani? Ina maana deni la mikoa mwishowe lilibebwa na nchi nzima, hata na mikoa ambayo haikuchapa kitu.

Njia ya bomba: Alberta 1980

Hapa mzee wa Edmonton anasema kweli lakini kasimulia nusu.

Baada ya mapinduzi ya Iran 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa. Kanada ilikuwa inashikilia bei ya ndani chini ya bei ya dunia, raha kwa viwanda na nyumba za Ontario na Quebec, hasara kwa Alberta anayeuza. Chama cha Pierre Trudeau, ambaye ndiye akawa waziri mkuu wa nchi nzima, kilishinda uchaguzi wa Februari 1980 bila kupata hata kiti kimoja magharibi ya Manitoba, hii ndiyo kitu ya kukumbuka, kwamba aliyekuwa anaamua juu ya mafuta hakuwa na mbunge hata mmoja kule mafuta yanakotoka. Tarehe 28 Oktoba 1980 kwenye bajeti ukatangazwa Mpango wa Kitaifa wa Nishati: kodi mpya kwenye mafuta na gesi, bei ibaki chini, na kampuni za Kanada zishike nusu ya sekta ifikapo 1990.

Siku mbili baadaye Lougheed akaenda kwenye televisheni. Hakupiga kelele. Alisema Alberta itapunguza mafuta inayopeleka kwa wenzake kwa mapipa 180,000 kwa siku, ila kwa awamu tatu, miezi mitatu mitatu, na kukitokea upungufu wa kweli wa kuhatarisha nchi atafungua tena. Hiyo ndiyo ustadi, amemwonyesha mwenzake kisu lakini amekiweka mezani, hajamchoma. Mitaani lakini maneno yalikuwa mengine, kulikuwa na stika za magari zinazosema, kwa adabu kidogo, waacheni hao wa mashariki wagande gizani.

Awamu ya kwanza ikaanza Machi 1981, ya pili Juni. Ottawa ikalazimika kuagiza mafuta ghali kutoka nje, gharama ikatupiwa wanunuzi kama tozo, na watu wakaipa jina la Lougheed mwenyewe. Kabla awamu ya tatu haijaanza, tarehe 1 Septemba 1981, wakasaini mapatano ya bei na kugawana mapato. Kuna picha ya Trudeau na Lougheed wameinua glasi za shampeni wanatabasamu. Lougheed aliijutia hiyo picha maisha yake, na ukijua kilichofuata utaelewa.

Kilichofuata ni kwamba mapatano yote yalijengwa juu ya dhana kwamba mafuta yataendelea kupanda bei. Yakaanza kushuka. Riba za benki Kanada mwaka huohuo zilikuwa zimepita asilimia 20, kampuni zikafunga mitambo, wafanyakazi wakaachishwa, na Calgary watu walikuwa na mkopo wa nyumba mkubwa kuliko thamani ya nyumba, wengine wakauza nyumba kwa dola 1 wakaacha funguo wakaondoka. Watu wa Alberta mpaka leo wanamlaumu Trudeau kwa yote hayo. Mimi nadhani bei ya dunia na riba vilichangia sana, lakini usiende kusema hivyo kwenye harusi ya Calgary. Mpango wenyewe ulikuja kuvunjwa na serikali ya Brian Mulroney kuanzia 1985.

Na hapa ndipo ubishi wa barazani unaharibika

Kwa sababu nilivyozidi kusoma nikakuta kila mmoja ameshajaribu silaha ya mwenzake!

Alberta nao wamewahi kuchapa. Wakati wa mdororo mkuu wa miaka ya 30 jimbo lilikuwa la wakulima waliokauka, na mwaka 1935 wakamchagua William Aberhart, mwalimu na mhubiri wa redioni aliyeahidi dola 25 kila mwezi kwa kila mtu mzima. Aprili 1936 jimbo likashindwa kulipa hatifungani zake. Agosti akatoa "vyeti vya neema", karatasi ya dola 1 ambayo kila wiki lazima uibandike stampu ya senti 1 nyuma yake la sivyo haitambuliki, wiki 104. Wazo ni kwamba usiikalie, uitumie haraka kabla hujanunua stampu nyingine. Kwenye makaratasi ni akili nyingi. Dukani ikawa mwenye duka ndiye anayebaki na stampu, jioni anaketi na gundi. Haikumaliza mwaka. Sheria zake nyingine za kubana benki zikafutwa na Ottawa, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikamalizia 1938.

Ndiyo kusema Alberta ya 1936 na Alberta ya 1980 ni jimbo lilelile, tabia haikubadilika, kilichobadilika ni mafuta. Kisima kikubwa cha Leduc kilipatikana 1947.

Na Argentina nao wamejaribu bomba. Desemba 2023 Javier Milei akaapishwa kuwa rais, akasema hakuna pesa, mfumuko wa bei wa mwaka huo ulikuwa asilimia 211, na kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa vile vifuko vya hiari vya mikoa. Februari 2024 serikali kuu ikazuia zaidi ya peso bilioni 13.5 za mgao wa Chubut, mkoa wa Patagonia, kama theluthi ya mgao wake wa mwezi, kwa madai ya deni la zamani. Gavana Ignacio Torres, kijana wa miaka 35, na wala si mpinzani, chama chake kilikuwa kinamuunga mkono Milei, akasema ikifika Jumatano hawajaondoa mguu juu ya mikoa halitatoka pipa hata moja la mafuta. Magavana wenzake wa Patagonia wakasimama naye, hata wale wa vyama vingine. Kabla ya Jumatano jaji wa shirikisho akaamuru serikali iache kukata. Bomba halikufungwa.

Mwaka huohuo La Rioja, mkoa maskini wa kaskazini magharibi usio na mafuta, gavana Ricardo Quintela alishakosa kulipa hatifungani Februari, akakosa pesa za hiari, na Agosti akarudi kwenye dawa ya zamani, karatasi. Akaziita chacho, jina la shujaa wao wa karne ya 19, zenye QR code safari hii, na ahadi kwamba ukiikalia hadi 31 Desemba utapata asilimia 17 juu. Milei akasema mapema, hamtaokolewa.

Kwa hiyo si utamaduni wa Walatini wala ubaridi wa Wakanada. Mwenye mafuta anatishia bomba, asiye nayo anachapa. Chubut kafanya kama Lougheed, La Rioja kafanya kama Aberhart.

Mahakama je?

Njia ya tatu ambayo haina msisimko, nitaipitia mbiombio. Chubut ilipata amri ndani ya siku chache. Alberta ilishinda kesi ya kodi ya gesi 1982, wakati mapatano yalishasainiwa. Jiji la Buenos Aires lilikatwa mgao wake 2020 na Rais Alberto Fernández ili polisi wa mkoa wa jirani waliokuwa wameandamana waongezwe, likaenda mahakamani, likashinda Desemba 2022, na rais akasema kwanza haitekelezeki, halafu akasema sawa nitalipa, kwa hatifungani. Karatasi tena. Huku kwetu 2019 magavana waliandamana kwa miguu hadi Mahakama ya Juu Nairobi kuhusu mgao, maoni ya mahakama yakatoka Mei 2020, mwaka wa bajeti umebakisha wiki sita. Mgao wenyewe ulishakubaliwa kitambo kwenye meza, bilioni 316.5.

Mahakama inafaa kama pesa ni yako kwa sheria na imeshikwa. Kama unagombania kiasi, mwezi unaisha kabla ya jaji.

Haya, uchague ipi

Ukiwa gavana wa mahali penye kitu ambacho nchi nzima inakihitaji kesho asubuhi, mafuta, umeme, maji, fuata Lougheed na si Torres, maana ya Torres ilikuwa siku tano na neno kali, ilimfaa kwa sababu jaji alimuwahi. Ya Lougheed ilikuwa na ratiba, na mlango wa kurudi. Tena angalia lile bomba linafungwa na nani. Turkana mwaka 2018 malori ya mafuta yalizuiwa na wananchi wenyewe, wanadai usalama, gavana hakuhitajika. Na kwa kaunti nyingi zetu hakuna bomba la kufunga, ukifunga soko unamfungia mama mboga wako mwenyewe.

Kama huna bomba na mgao umechelewa, karatasi inavutia sana, najua, na kwa miezi sita inaweza kulipa walimu. Lakini uwe tayari kuipokea wewe mwenyewe kwenye kodi zako tangu siku ya kwanza, uwe na kodi za kutosha za kuipokelea (hapa La Rioja inaumia, Buenos Aires haikuumia sana), na uwe na uhakika kwamba mtu atakuja kuinunua mwishoni. Mwaka 2003 alikuwepo. Kwetu hata hiyo njia imezibwa, Katiba inampa Benki Kuu peke yake kutoa sarafu na kaunti haikopi bila dhamana ya serikali kuu, na mimi kwa hilo nashukuru, nikiwaona baadhi ya wahasibu ninaowajua.

Kuna waliojaribu vyote viwili kwa pamoja, na walikuwa wanaongea Kiswahili. Katanga, Julai 1960, Moïse Tshombe alijitenga na Kinshasa (ilikuwa bado Léopoldville), kodi za kampuni ya shaba ya Union Minière zikawa zinaingia Élisabethville, na mapema 1961 akatoa faranga yake ya Katanga. Bomba na karatasi, kamili. Januari 1963 ilikwisha kwa vita na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Na mgogoro wenyewe haukuisha, katiba ya Kongo ya 2006 ikasema mikoa ibaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa palepale yanapokusanywa, isisubiri kutumiwa. Muulize mtu wa Lubumbashi kama imebaki. Ataguna tu. Kinshasa inachukua kwanza halafu inarudisha kiasi inachotaka, na 2015 Katanga yenyewe ikakatwa vipande vinne.

Hiyo asilimia 40 ya Kongo ndiyo inayonifanya nisiwe upande wa ami wala upande wa mzee wa Edmonton. Wote wanabishana juu ya vita, na mimi naona kazi ilipaswa kufanyika kabla, wakati pesa ipo na hakuna aliyekasirika, kuandika kwamba mgao unatoka tarehe fulani moja kwa moja bila mtu kusaini, na kuhakikisha inatekelezwa. Argentina waliambiwa na katiba yao 1994 waandike, hawakuandika, na kila mdororo umewakuta palepale. Kanada nao hawajamaliza, Januari 2025 Trump alipotishia ushuru, viongozi wote wa majimbo walisaini msimamo mmoja na Ottawa isipokuwa Danielle Smith wa Alberta, hakutaka mafuta yake yawe silaha ya mtu mwingine. Novemba akasaini makubaliano ya bomba jipya na Mark Carney, waziri mkuu wa nchi nzima ambaye kakulia Edmonton, na waziri mmoja wa Carney akajiuzulu siku hiyohiyo kwa hasira. Miaka 45 baada ya Lougheed na bado ni yaleyale, tofauti ni kwamba wanakutana na chai ikiwa bado moto.

Jana nilirudi barazani na haya yote kichwani. Ami baharia akanisikiliza, akanywa, akaniuliza swali moja tu, "We kijana, kaunti yako ikikuletea kesho karatasi zake badala ya ile pesa ya printa, utachukua?"

Nikafikiria. Nikamwambia nitachukua ami, ila siku hiyohiyo nitaenda nazo kaunti kulipia leseni ya duka, na yule msichana wa dirishani akizigeuzageuza akaniambia mfumo hauzitambui, nitakuletea wewe uzitie kwenye pochi.